Kutazama na Kuhakiki The X-Files Sehemu kwa Sehemu: Mwongozo wa Mtu wa Malindi

Sehemu 218, misimu 11, filamu 2. Ukitazama sehemu moja kila wiki bila kukosa hata wiki ya Idi, utafika mwisho baada ya miaka minne na ushei. Hiyo ndiyo hesabu ya tamthilia ya runinga ya The X-Files, na anayeanza kuihakiki bila kuijua huchoka njiani. Mwongozo huu ni wa mtu wa Malindi, Watamu, Mambrui au penginepo katika pwani hii, anayetaka kuitazama kwa utaratibu kisha aandike juu ya kila sehemu jambo ambalo msomaji wake hakulitambua alipotazama mwenyewe.

Jiwekee mpaka

Tamthilia ilibuniwa na Chris Carter, na kituo cha Fox cha Marekani kikaanza kuirusha tarehe 10 Septemba 1993. Maajenti wawili wa FBI, shirika la upelelezi la Marekani, wanashughulikia majalada ya kesi zilizoshindikana kuelezwa. Fox Mulder (David Duchovny) anaamini kwamba dadake alichukuliwa na viumbe wasio wa dunia hii. Dana Scully (Gillian Anderson) ni daktari, naye ametumwa kuipima kazi ya mwenzake kwa mizani ya sayansi. Iliendelea mpaka Mei 2002, ikarudi 2016 kwa sehemu 6 na 2018 kwa sehemu 10.

Usijiahidi zote. Jiahidi misimu 5 ya kwanza, ambayo ni sehemu 117, pamoja na filamu ya 1998. Misimu hiyo ilipigwa picha Vancouver, Kanada, na mvua za huko, misitu na mbingu za kijivu ndizo zilizoipa tamthilia sura yake. Msimu wa 6 kazi ilihamia Los Angeles, na utaitambua tofauti kabla hujaambiwa: jua limeingia. Kwa mwendo wa sehemu mbili kwa wiki, misimu mitano inakwisha kwa mwaka mmoja na wiki chache. Mwezi wa Ramadhani usiutie katika hesabu. Baina ya tarawehe na daku nafasi ya kutazama ipo, ila nguvu ya kuandika haipo.

Fuata mpangilio uliotumika kurusha hewani. Orodha za "sehemu kumi bora" zifungie kabatini, kwa sababu faida yote ya kuhakiki moja moja inatokana na zile mbovu. "Ice", sehemu ya 8 ya msimu wa kwanza, ni kazi safi kabisa: watu wachache wamekwama kwenye kituo cha utafiti Alaska na hawajui nani kati yao ameambukizwa. Inayofuata ni "Space", hadithi ya mwanaanga mstaafu na chombo kinachohujumiwa, iliyojaa picha za kumbukumbu za NASA zilizobandikwa huku na huku. Ukizitazama kwa kufuatana utajifunza kuhusu ujenzi wa hofu kuliko ungejifunza kwa sehemu kumi nzuri zilizochaguliwa na mtu mwingine.

Tenga njama na mazimwi

Sehemu hizi ni za aina mbili. Zipo za njama, yaani hadithi ndefu ya serikali kuficha habari za viumbe wa anga, inayokwenda kutoka msimu hadi msimu. Na zipo za zimwi la wiki, ambapo kesi inaanza na kwisha ndani ya dakika 45. Nunua daftari la kurasa nyingi, kisha uligeuze: upande mmoja uwe wa mazimwi, upande wa pili uwe wa njama.

Upande wa njama una kazi ya ziada. Piga mstari katikati ya kila ukurasa, kushoto andika maswali yaliyofunguliwa, kulia majibu na sehemu yalikotolewa. Kwa mfano: nani alimchukua Samantha Mulder usiku wa Novemba 1973, akiwa na miaka 8? Swali hilo linafunguliwa katika sehemu ya kwanza kabisa. Jibu linakuja msimu wa 7, mwaka 2000, na wala silitaji hapa. Utashangaa jinsi upande wa kushoto unavyojaa huku wa kulia ukibaki mweupe, na hilo lenyewe ni hoja ya uhakiki. Usikubali kuambiwa na mashabiki kwamba kila kitu kilipangwa tangu mwanzo.

Njama mara nyingi huja kwa sehemu mbili zinazofuatana. Andika uhakiki wa ya kwanza kabla hujaiona ya pili, hata kama kidole kinawasha. Ulichokitarajia ni ushahidi, na ukishaona mwisho hutakumbuka tena ulitarajia nini.

Tazama mara mbili

Mara ya kwanza bila kalamu, taa imezimwa. Ikishakwisha, kabla ya kuzungumza na yeyote, andika sentensi tatu: palipokutisha, palipokuchosha, na unachodhani kilitokea. Mara ya pili iwe siku nyingine, kalamu mkononi, ukisimamisha na kuandika dakika.

Kila sehemu huanza na tukio fupi kabla ya majina, kisha vitendo vinne vilivyokatwa ili matangazo ya biashara yapite. Wewe matangazo hayo huenda huyaoni, lakini viungo vimebaki: kioo kinakuwa cheusi kidogo, halafu mambo yanaendelea. Andika kilichotokea sekunde chache kabla ya kila weusi. Mwandishi aliyelipwa kuhakikisha mtazamaji habadilishi kituo aliweka pale chambo chake bora, na ukiviorodhesha vyote vinne unakuwa na mifupa ya hadithi mbele yako.

Sikiliza pia. Muziki ni wa Mark Snow, na nje ya ule mluzi wa mwanzo unaojulikana na kila mtu, mwingi ni mvumo wa chini sana ambao feni inaumeza wote. Vaa hedifoni, uvumilie joto.

Kuhusu nyumba yenye watu wengi: usianze kabla ya Isha, na usianze watoto wakiwa bado ukumbini. Sehemu nyingi zinavumilika mbele ya wakubwa, ila "Home", ya pili katika msimu wa 4, ilirushwa Oktoba 1996 ikiwa na onyo kwa watazamaji, na onyo lile lilistahili. Ile itazame peke yako. Na stima ikikatika katikati, andika ulipofikia. Kama imekatika ukiwa kwenye "Darkness Falls", ambamo wadudu wa msituni hukaa mbali na mwanga na jenereta inaishiwa na petroli, basi umepata bahati ambayo mtazamaji wa Marekani hawezi kuinunua.

Andika alichokiona nani

Hapa ndipo pa kukaa, kwa sababu uhakiki mwingi wa tamthilia hii huharibikia hapa.

Lawama ya kawaida ni kwamba Scully ni mbishi: kila wiki anaona mazimwi, kila wiki anakataa. Ukiwa na daftari utagundua kwamba lawama hiyo mara nyingi si ya haki. Katika mara ya pili ya kutazama, chora safu tatu: aliyoyaona Mulder, aliyoyaona Scully, tuliyoyaona sisi. Safu ya tatu ndiyo ndefu daima. Sisi tumeonyeshwa macho ndani ya bomba kabla hata ya majina kutokea. Scully amefika asubuhi, amekuta maiti na mlango uliofungwa kwa ndani. Kwa aliyoyaona yeye, kukataa ni kufikiri sawasawa. Swali la kuuliza si "kwa nini haamini?" bali "je, mwandishi amempa sababu za kutosha za kutoamini, au amemfungia tu nje ya chumba ili hadithi iende?" Sehemu nzuri humpa sababu. Sehemu mbovu humchelewesha kwenye foleni ya magari.

Ndiyo maana "Beyond the Sea", sehemu ya 13 ya msimu wa kwanza, inastahili kurasa mbili za daftari badala ya moja. Babake Scully amefariki, na mfungwa aliyehukumiwa kifo, Luther Lee Boggs (Brad Dourif), anadai kuwa anapokea sauti za wafu. Safari hii Scully ndiye anayevutika kuamini na Mulder ndiye anayekataa. Mtihani wako: je, kila mmoja anabishana kama mwenzake alivyobishana wiki zilizopita, au anabishana kama yeye mwenyewe katika hali mpya? Mimi naona Anderson anaibeba sehemu ile yote kwa uso tu, na nadhani ndipo tamthilia ilipopata moyo.

Maelezo ya tatu

Kila sehemu ina maelezo mawili yanayoshindana, ya Mulder na ya Scully. Ukitazamia Malindi, ya tatu yako tayari chumbani pamoja nawe. Mama anapita na sinia, anasimama mlangoni, anasema: "Huyo ni jini, mwanangu. Sasa wanajisumbua nini na tochi?"

Usicheke ukaendelea. Amesema jambo zito la uhakiki. Mulder ni mtu anayetafuta ushahidi kwamba vitu kama hivyo vipo. Kwa Muislamu wa pwani, kuwapo kwa majini hakusubiri ushahidi wa FBI. Wamo ndani ya Qurani, na sura ya 72 imeitwa kwa jina lao. Swali letu linaanzia mbele ya hapo: hili lililotokea ni hao kweli, au kuna mtu anatuchezea? Na kwa swali hilo watu wetu ni wakali kuliko Scully. Mtu yule yule asiyepita chini ya mbuyu fulani wakati wa magharibi ndiye atakayekuwa wa kwanza kumuumbua mganga tapeli, kwa sababu anajua ya kweli yanavyopaswa kuwa. Hapo pana msimamo ambao haupo katika tamthilia: kuamini kwa jumla na kutoamini kwa kesi moja moja. Utumie. Katika kila uhakiki weka aya moja inayoitazama kesi kutoka hapo. Aya moja tu, maana ukizidisha utakuwa unahakiki majini, si tamthilia.

Ukitaka mazoezi kabla ya kuanza msimu wa kwanza, nenda Gede. Nauli ya matatu kutoka mjini si kubwa. Mji ule wa mawe ulihamwa katika karne ya 17, na tangu 2024 umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Mwanaakiolojia James Kirkman, aliyeanza kuufukua 1948, aliandika kwamba mwanzoni alihisi kama kuna mtu anamtazama kutoka nyuma ya kuta. Kisha akaendelea kupima, kuchimba na kuhesabu vigae kwa miaka. Zunguka peke yako kwanza, halafu na mtembezaji wageni, halafu soma bango la makumbusho. Kwenye daftari andika safu tatu: ulichokiona, ulichosimuliwa, na wanachosema wanaakiolojia kuhusu visima vilivyopungukiwa maji na mashambulizi yaliyowatoa watu. Ukiweza kuziandika safu hizo bila moja kuimeza nyingine, uko tayari kwa tamthilia.

Kitu kingine ambacho pwani inakufundisha kukiuliza: majirani wako wapi? Mwaka 1995 hofu ya popobawa, zimwi la usiku, ilipoenea Pemba na Unguja, watu walitoka majumbani wakalala nje kwa makundi, moto ukiwaka. Hofu ilikuwa ya mtaa mzima. Wahanga wa The X-Files hufa wakiwa peke yao, katika nyumba kubwa, bila hata mtu wa kubisha hodi. Je, ni uvivu wa mwandishi, au ndivyo upweke wa vitongoji vya Marekani ulivyo na ndiyo hofu halisi ya sehemu hiyo? Jibu hubadilika kutoka sehemu hadi sehemu, na msomaji wako wa Shella au Maweni atalielewa swali mara moja.

Pima sayansi, lakini si kwa rungu

Tamthilia ni ya kubuni. Kazi yako si kuhesabu makosa ya maabara. Ni kuona kama sayansi iliyomo inafanya kazi ya hadithi. Carter alikuwa na mshauri, Anne Simon, mtaalamu wa virusi vya mimea, aliyeanza kusaidia kuanzia sehemu ya mwisho ya msimu wa kwanza. Ukiona kipimo cha DNA kikielezwa kwa makini kuliko ulivyotazamia, jua kuna mtu alipigiwa simu.

Chukua "Ice" tena. Mnyoo kutoka kwenye barafu ya kale unaingia mwilini, unakaa karibu na haipothalamasi, sehemu ndogo ya ubongo, na kumfanya mwenyeji wake awe mkali. Haipothalamasi kweli inahusika na hasira. Na vimelea vinavyobadili tabia ya mwenyeji vipo: Toxoplasma gondii humfanya panya apoteze woga wake kwa paka. Kwa hiyo andika kwamba wazo limesimama juu ya ardhi ngumu, kisha eleza lilipopaa. Kwa "The Host", sehemu ya 2 ya msimu wa 2, yenye mtu-mnyoo aliyetokana na maji machafu ya Chernobyl, ardhi hiyo haipo kabisa, ila sehemu inatisha vilevile. Sema hivyo hivyo. (Aliyevaa lile vazi la mpira ni Darin Morgan. Tutakutana naye tena chini.)

Na mambo ya anga usiyaandike kama mgeni. Kaskazini ya Malindi, Ngomeni, Waitaliano walirusha roketi kutoka jukwaa la San Marco baharini kuanzia 1967 hadi 1988. Tarehe 12 Desemba 1970 ilirushwa kutoka hapo setilaiti ya kwanza kabisa ya kuchunguza mionzi ya eksirei ya angani, ikapewa jina Uhuru kwa kuwa ilikuwa sikukuu ya Kenya. Data zake ndizo zilizosaidia kukitambua kitu cha angani kiitwacho Cygnus X-1 kuwa pengine ni shimo jeusi. Sehemu ya The X-Files ikikuonyesha wanajeshi, uzio na vyombo vinavyopaa usiku, wewe unatoka mahali ambapo wavuvi walizoea mambo hayo. Linganisha.

Zinapofika Afrika

"Teliko", sehemu ya 3 ya msimu wa 4, inaanzia ndani ya ndege inayotoka Burkina Faso. Wanaume weusi wanakufa Philadelphia, na miili yao inakutwa imepoteza rangi. Muuaji ni mhamiaji aliyezaliwa bila tezi ya pituitari, tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, na anawinda kile asichokuwa nacho. Hii usiiandike kwa haraka. Kwanza ipe haki yake: inagusa polisi wasiojali vifo vya wahamiaji, na ina waigizaji wazuri, Carl Lumbly na Mwafrika Kusini Zakes Mokae. Kisha sema kilicho wazi kwa mtu wa Afrika Mashariki: katika eneo letu watu wenye ualbino wamewindwa na kuuawa kwa imani za viungo vyao, hasa Tanzania. Hadithi inayomfanya mtu aliyekosa rangi kuwa zimwi linalokula wenzake imeligeuza jambo kichwa chini, miguu juu. Mwandishi wake, Howard Gordon, alikuwa anaandikia watazamaji wengine. Wewe unaandikia hawa. Yaseme kwa upole na kwa ukamilifu, bila kumtukana mtu.

Ukivuka mpaka wako na kufika mwisho wa msimu wa 6, utakutana na "Biogenesis" na inayofuata, "The Sixth Extinction", ambamo chombo kinakutwa ufuoni Côte d'Ivoire kikiwa na maandishi, yakiwamo ya Biblia na ya Qurani. Baadhi ya wasomaji wako watakwama papo hapo. Hakuna haja ya kutoa fatwa. Eleza tamthilia inayatumia maandiko kwa kazi gani, eleza kama imeyapa uzito au imeyafanya pambo, na useme wewe unaonaje. Ufuo wenyewe, kwa taarifa yako, ni wa California.

Fuatilia majina ya waandishi

Andika jina la mwandishi wa kila sehemu juu ya ukurasa. Baada ya msimu mmoja tu utaanza kumtambua mtu kabla jina halijatokea. Glen Morgan na James Wong hupenda vyumba vilivyofungwa na hofu inayokaribia hatua kwa hatua. Darin Morgan, nduguye Glen, ni mcheshi mwenye huzuni chini yake. "Clyde Bruckman's Final Repose" ya msimu wa 3 ilimpa tuzo ya Emmy ya uandishi, na Peter Boyle akapata ya mwigizaji mgeni. Vince Gilligan hucheza na namna ya kusimulia: "Bad Blood", msimu wa 5, inasimulia kesi ile ile mara mbili, kwanza kama Scully anavyoikumbuka, kisha kama Mulder anavyoikumbuka. Kwa hiyo zile safu zako tatu zitavurugika. Ziache zivurugike, halafu andika kuhusu huo mvurugiko.

Kabla ya kulaumu jambo la ajabu katika hadithi, chunguza kama kuna sababu nje ya hadithi. Scully anatekwa mwanzoni mwa msimu wa 2 kwa sababu Anderson alikuwa mjamzito. Walichokifanya waandishi na dharura ile kikawa nguzo ya njama kwa miaka. Msifu aliyegeuza shida kuwa hadithi.

Sasa andika

Maneno 400 hadi 600 yanatosha. Usianze na "Katika sehemu hii tunaona". Anza na tukio moja lililokukaa, eleza kesi kwa ufupi usiozidi robo ya maandishi, kisha ingia kwenye hoja. Hoja iwe moja. Mfano wa mwanzo, kuhusu "Squeeze", sehemu ya 3 ya msimu wa kwanza:

"Wanamuuliza Eugene Tooms maswali akiwa amefungwa nyaya za mashine ya kupima uongo. Mengi ni ya kawaida. Halafu linakuja moja ambalo Mulder amelichomeka: je, una zaidi ya miaka mia moja? Chumba kinaona haya. Mauaji ya Baltimore yamekuwa yakijirudia kila baada ya miaka 30 tangu 1903, maini yakitolewa, milango ikiwa imefungwa. Morgan na Wong hawakumficha muuaji. Tunamjua tangu mapema, kijana mnyamavu anayefanya kazi ya kukamata wanyama. Wameificha njia anayoingilia. Kwa hiyo hofu haikai kwake, inakaa kwenye matundu ya hewa, kwenye bomba, kwenye nafasi ambayo hatukuwahi kuihesabu kuwa ni mlango. Usiku ule niliangalia matundu ya juu ya dirisha, yale tunayoyaacha wazi ili kaskazi uingie, na nikaelewa kwa nini sehemu hii haihitaji damu nyingi."

Umeona sikusema inavyokwisha. Kumwaga mtama si lazima hata unapohakiki mwisho wenyewe: sema kama mwisho unastahili, usiseme ni upi. Kama hoja yako haiwezi kusimama bila siri kufichuliwa, weka onyo mapema na uiweke siri hiyo chini kabisa.

Alama ziache mpaka msimu umalizike. Ukimpa zimwi la wiki ya tatu tisa kwa kumi, wiki ya kumi na tatu utakuwa huna pa kupanda. Mwisho wa msimu panga sehemu zote kutoka bora hadi dhaifu, na uandike mstari mmoja kwa kila moja. Sehemu mbovu iandikie kifupi. Aya tatu zinatosha kwa "Space", na hata hizo ni ukarimu.

Ukimaliza "The End" ya Mei 1998, inayofunga msimu wa 5, usibonyeze inayofuata. Filamu ilitoka Juni mwaka huo huo, na "The Beginning", inayofungua msimu wa 6, inaendelea kutoka ilipoishia. Itengee usiku wake, ina urefu wa saa mbili, na uiweke upande wa njama katika daftari. Ukiamua kuendelea baada ya hapo, nunua daftari lingine na uweke alama kwenye sehemu ya pili ya msimu wa 6, "Drive": Gilligan ameandika, Bryan Cranston yuko kwenye kiti cha nyuma cha gari lisiloruhusiwa kupunguza mwendo, na miaka kumi baadaye wawili hao walikutana tena katika tamthilia ya Breaking Bad.